Klabu ikipanda Ligi Kuu, mashabiki na fedha huongezeka kweli au ni homa ya msimu mmoja?

Mtani_wa_Sokoine

Wakuu, salaam. Kila msimu wa Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) ukiisha wimbo ni uleule: timu imepanda, sasa uwanja utajaa, wadhamini watapiga hodi, njaa imekwisha. Haipiti muda mrefu unasikia wachezaji wa timu hiyohiyo wamegomea mazoezi kwa kudai mishahara ya miezi mitatu.

Naomba wanaozijua hesabu za klabu waniwekee mezani. Mapato ya mlangoni yanaongezeka kwa kiasi gani kwa klabu ya mkoani? Gharama zipi hupanda na zipi zilikuwepo tangu chini? Na kwa nini Uingereza wanasema kupanda ni utajiri wakati huku Tanzania inaonekana ni mzigo? Utani wa Simba na Yanga tuuweke pembeni leo, ingawa najua hapa ndipo nyumbani kwake.

---

Mhasibu_Mlangoni

Utani unaweza kuuweka pembeni mkuu, ila Simba na Yanga zenyewe huziwezi. Ndizo hesabu yenyewe.

Anza na kalenda. Ligi Kuu ina timu 16, mechi 30, nyumbani 15. Championship nayo ina timu 16, mechi 30, nyumbani 15. Kwa hiyo ukipanda huongezi hata mechi moja ya nyumbani. Kinachobadilika ni kwamba kati ya hizo 15, moja ni ya Simba na moja ni ya Yanga. Zilizobaki 13 utacheza na timu ambazo shabiki wa mkoani kwako hana haraka ya kuziona kuliko zile alizokuwa akiziona mwaka jana.

Chukua mfano wa kubuni, kila mtu aweke namba za klabu yake. Tuseme mechi 13 za kawaida zinaingiza watu 1,200 kila moja kwa kiingilio cha 2,000. Hiyo ni milioni 31.2 kwa msimu mzima. Mechi mbili kubwa zinaingiza watu 12,000 kila moja kwa wastani wa 7,000, yaani milioni 84 kwa mechi, milioni 168 kwa zote mbili. Toa VAT kwanza. Wengi hukosea hapa, wanakata asilimia 18 ya jumla, wakati VAT imo ndani ya bei ya tiketi, kwa hiyo unagawa kwa 1.18. Tiketi ya 5,000 ina kodi ya shilingi 763, si 900. Ukigawa, zile 13 zinabaki milioni 26.4 na zile mbili zinabaki milioni 142.4. Jumla milioni 168.8, na asilimia 84 ya fedha hiyo imetoka katika siku mbili tu.

Bado hujalipa uwanja (viwanja vingi vya mikoani ni vya CCM au vya halmashauri, klabu ni mpangaji), mfumo wa tiketi, ulinzi, waamuzi na makato ya vyama. Ukikadiria robo ya kilichobaki iende huko, mkononi unabaki na kama milioni 127.

Sasa weka mishahara. Wachezaji 28 kwa wastani wa milioni 1.5 ni milioni 42 kwa mwezi. Ongeza NSSF sehemu ya mwajiri asilimia 10, ni milioni 46.2, na hapo benchi la ufundi hujaligusa. Mapato ya mlangoni ya msimu mzima yanalipa miezi miwili na wiki tatu hivi. Mwaka una miezi 12, na mkataba wa mchezaji hausimami ligi ikisimama.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, mlango unapanda mara kadhaa ukilinganisha na Championship, lakini si kwa sababu mji umeipenda timu yake zaidi. Umekodisha viti kwa watu wa nyekundu na wa kijani na njano mara mbili kwa mwaka. Jezi wanayovaa hao si yako, na wiki inayofuata hawaji.

---

Dirisha_Kubwa

Hesabu nzuri sana hiyo. Niongeze upande wa gharama, maana watu wanadhani kinachoua ni safari.

Safari zilikuwepo. Tangu Championship iwe ligi moja ya nchi nzima, timu ya Mbeya inakwenda Kanda ya Ziwa na kurudi ikiwa hukohuko chini. Basi ni lilelile na mafuta ni yaleyale. Kinachopanda ghafla ni mambo matatu: ada za usajili, mishahara, na madeni ya mikataba iliyovunjwa vibaya.

Timu ikipanda, uongozi unaona kikosi hakitoshi. Unaacha wachezaji 12 au 15 na kuleta wengine. Wanaoachwa wengi wana mkataba wa mwaka mmoja uliobaki, wanaambiwa "tutakulipa ligi ikianza". Wanaokuja wanataka ada ya usajili mkononi Julai. Fedha ya haki za matangazo na ya mdhamini wa ligi haiji Julai, inakuja kwa mafungu msimu ukiwa unaendelea. Hapo katikati kuna shimo la miezi miwili hadi mitatu, na ndipo mwenyekiti anapokopa kwa mtu binafsi. Ukiona klabu iliyopanda imesajili watu 18 kabla ya kutangaza mdhamini hata mmoja, usishangae ya Desemba.

Kanuni za FIFA watu huzisoma zikishawauma. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaandika notisi ya siku 15, isipolipwa anavunja mkataba kwa sababu halali na kudai hadi mwisho wa mkataba wake (kifungu cha 14bis). Shauri likifika FIFA na klabu ikashindwa, ina siku 45 za kulipa tangu ipewe taarifa ya uamuzi wenye maelekezo ya akaunti. Zikipita, inafungiwa kusajili mpaka ilipe, hadi madirisha matatu ya usajili mfululizo. Deni la mchezaji mmoja wa kigeni la milioni 20 linaweza kukuzuia kusajili kikosi kizima.

Na kikosi kisipokamilika matokeo yanaonekana uwanjani. Agosti 2023 Kitayosce, iliyokuja kujulikana kama Tabora United, ilianza maisha ya Ligi Kuu kwenye uwanja wa Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Dakika chache baadaye, wakiwa nyuma 4-0, walibaki chini ya 7 na mwamuzi akamaliza mechi, kwa maana sheria hairuhusu mchezo kuendelea hapo. Klabu iliyohangaika msimu mzima kupanda, siku ya kwanza haikumaliza hata kipindi cha kwanza. Walijipanga na kubaki ligini, hongera kwao, ila ile siku inafaa kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila katibu.

---

Nyanchwa77

Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Huku Kenya kuna mfano unaokwenda kinyume kidogo na hesabu ya Mhasibu. Shabana FC ya Kisii ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje. Gusii Stadium inajaza watu hata mpinzani akiwa si Gor Mahia wala AFC Leopards, na wakisafiri kwenda mechi ya ugenini Nairobi utadhani wao ndio wenyeji.

Lakini tazameni vizuri: mashabiki hao hawakuletwa na kupanda. Walikuwa wanaijaza Gusii timu ikiwa bado National Super League. Tore Bobe, kama Shabana inavyoitwa, ni timu ya jamii, mtu anarithi kwa baba yake. Kupanda kulifanya kazi moja tu, kulifungua bomba lililokuwa limejaa maji tayari. Klabu nyingine zilizopanda huku, zile za kampuni au za mwanasiasa, zinacheza mbele ya watu mia mbili, wengine wakiwa ndugu za wachezaji.

Tena kundi kubwa lina gharama yake. Fujo zikitokea klabu inapigwa faini au inachezeshwa bila mashabiki, na klabu inayoishi kwa mlango ikifungiwa mechi mbili za nyumbani inaumia kuliko ile ya kampuni ambayo haikuwa na mashabiki. Kwa hiyo mkipanda na umati, bajeti ya walinzi wa uwanjani iwe ya kwanza. Walinzi 40 wenye mafunzo na vizibao wanagharimu kidogo kuliko mechi moja ya milango kufungwa.

---

Mhasibu_Mlangoni

@Nyanchwa77 umenena. Kwetu wa kulinganisha ni Mbeya City. Walipanda 2013, msimu wa kwanza wakamaliza nafasi ya tatu, uwanja wao wa Sokoine ukawa unatetemeka. Huo ulikuwa umati wa kweli, wa timu ya mji. Lakini uliletwa na matokeo. Matokeo yalipokuwa ya kawaida, umati nao ukawa wa kawaida, na 2023 wakashushwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo. Kupanda kunakununulia msimu mmoja wa udadisi. Usipougeuza kuwa mazoea ndani ya mechi nne tano za mwanzo, shabiki anarudi kibanda umiza, ambako kwa shilingi mia chache anaona mechi ileile akiwa kivulini.

Muda wa mechi nao unachangia. Viwanja vingi vya mikoani havina taa, kwa hiyo unapangiwa saa 8:00 mchana au saa 10:00 jioni, siku ya kazi. Fundi, mwalimu na bodaboda hawaji saa hizo. Timu zikipanda zinatumia milioni kadhaa kupaka rangi jukwaa kuu, wakati ambacho kingewaongezea watu ni mechi za jioni za Jumamosi na Jumapili.

---

Kenilworth_Bongo

Swali la Uingereza nalichukua mimi. Kule kupanda ni utajiri kwa sababu moja, nayo haihusiani na viti.

Luton Town walipanda Ligi Kuu ya Uingereza 2023 wakiwa na uwanja wa Kenilworth Road usiofikisha watu 12,000. Hata ungejaa kila wiki, usingebadilisha maisha yao. Fedha ilitoka kwenye mgao wa televisheni: klabu inayoshika mkia kule hupata zaidi ya pauni milioni 100 kwa msimu. Wakashuka 2024. Hapo kuna malipo ya kumlainishia anguko aliyeshuka: asilimia 55 ya mgao sawa wa matangazo mwaka wa kwanza, 45 wa pili, 20 wa tatu, na aliyekaa juu msimu mmoja tu hupata miaka miwili ya kwanza pekee. Pamoja na hayo Luton walishuka tena 2025, wakaangukia daraja la tatu. Fedha ilikuwepo, timu haikuwepo.

Sunderland ni mfano wa upande wa pili. Walishuka 2017, wakashuka tena 2018 hadi daraja la tatu, na bado msimu wa 2018/19 walikuwa na wastani wa zaidi ya watu 30,000. Desemba 26, 2018 dhidi ya Bradford City waliingia watu 46,039. Daraja lilipungua mara mbili, mashabiki hawakuondoka. Unaona hapo kwamba umati na daraja vinaungana kwa kamba ndefu kuliko tunavyodhani.

Na hata kule wanaopanda hujikwaa kwenye matumizi. Kwa kanuni za wakati huo klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, yaani 35 kwa mwaka, lakini mwaka uliokaa Championship ulihesabiwa milioni 13 tu. Nottingham Forest walipanda 2022, wakasajili kikosi kizima, na kwa kuwa miaka miwili kati ya mitatu walikuwa chini, kikomo chao kilikuwa milioni 61. Walizidisha kwa milioni 34.5, Machi 2024 wakakatwa pointi 4. Kosa ni lilelile alilotaja Dirisha_Kubwa, tofauti ni sarafu.

Championship ya Uingereza yenyewe ni kamari. Kwa misimu kadhaa jumla ya mishahara ya klabu zake ilizidi jumla ya mapato yao. Wanakula hasara wakitafuta ule mlango mmoja. Sisi tukiiga kamari hiyo bila zawadi ya mwisho, na bila fedha ya kumlainishia anayeshuka, tunacheza bahati nasibu ambayo haina droo.

---

Mtani_wa_Sokoine

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Moja, udhamini wa Azam wa bilioni 225.6 kwa miaka 10 tulioambiwa 2021, hauwezi kuwa ndio zawadi yetu? Pili, nimeona klabu zinahamisha mechi za Simba na Yanga kwenda mikoa mingine. Inalipa?

---

Dirisha_Kubwa

La kwanza: gawa mwenyewe. Bilioni 225.6 kwa miaka 10 ni wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka, na hazigawiwi zote kwa klabu 16 sawa kwa sawa. Hata zingegawiwa hivyo, ingekuwa bilioni 1.41 kwa klabu, na uhalisia kwa klabu ya chini ni pungufu sana ya hapo. Ni fedha ya maana na ndiyo inayozifanya timu zimalize ligi, lakini ni ya kuendeshea kikosi cha kawaida, si ya kununulia straika kila dirisha. Anayepanda aipange yote kwenye mishahara tu, kisha atafute mdhamini wake kwa usajili. Akiichanganya, amekwisha.

Kuna ukweli mwingine ambao haujatajwa. Kwetu mali kubwa anayoipata aliyepanda ni ile nafasi yenyewe. DTB ilipanda 2022 na kuanza Ligi Kuu kama Singida Big Stars. Ihefu, iliyovunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa kule Highland Estates, Ubaruku wilayani Mbarali, Novemba 2022, ilihamia Singida na leo ni Singida Black Stars. Kwa tajiri kununua timu iliyopo juu ni haraka kuliko kupanda kwa miaka mitatu. Kwa watu wa Mbarali, mahudhurio yao ya Ligi Kuu yakawa sifuri. Na anayenunua akumbuke kwamba kubadili jina hakufuti deni. FIFA humfuata mrithi wa kimichezo: akiona nafasi ileile na wachezaji walewale, deni ni lako.

---

Mhasibu_Mlangoni

La pili, la kuhamisha mechi. Kwanza soma kanuni za msimu husika, maana Bodi ya Ligi inaweka masharti na maombi yana muda wake. Kisha fanya hesabu ya kinachobaki. Mkoani kwako: watu 12,000 kwa 7,000. Ugenini: labda 20,000 kwa 7,000, lakini unalipa uwanja mkubwa zaidi, hoteli siku tatu kwa watu 35, usafiri, na unaingia uwanjani ukiwa mgeni kwenye mechi yako ya nyumbani. Mara nyingi faida ni ndogo, na pointi zimekwenda. Kibaya zaidi, umemwambia shabiki aliyekaa mechi 13 juani kwamba siku ya sherehe hakualikwa.

Ningefanya kinyume chake. Tumia mechi mbili kubwa kama chambo cha zile 13. Toa kadi ya msimu Julai kwa bei ya mechi 10, mwenye kadi aingie zote 13 na apate siku tatu za kununua tiketi ya Simba na Yanga kabla hazijafunguliwa kwa wote. Kadi 800 kwa 20,000 ni milioni 16 mkononi Julai, wakati ule wa shimo alilolisema Dirisha_Kubwa. Haijazi shimo, ila inalipa hoteli za mechi za mwanzo bila kukopa.

Viingilio vya mechi za kawaida usipandishe. Viongozi wengi wakipanda daraja wanapandisha kiingilio cha mzunguko (viti vya bei ya chini) kutoka 2,000 hadi 5,000 kwa sababu "sasa ni Ligi Kuu". Watu wanapungua nusu, na uwanja mtupu kwenye televisheni humfukuza mdhamini.

Halafu mlango wenyewe. Hata kwa N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, mapato huvuja, kwa kuwa tatizo huwa pale anapopita mtu bila kadi kugusa mashine. Weka mtu wa kuhesabu vichwa kwa kibonyezo kila geti, aandike namba kila nusu saa, mlinganishe na mfumo wakati wa mapumziko, kabla watu hawajaanza kutoka. Tofauti ikizidi asilimia 3, geti hilo libadilishwe wasimamizi kipindi cha pili. Pasi za bure ziandikwe majina na ziishie idadi moja, tuseme 150, zote zipite geti moja. Geti la wageni waalikwa ndilo linalovuja kuliko yote, maana mlinzi anaogopa kumuuliza mheshimiwa.

---

Pamba_Nyeupe

Nyongeza kwa timu za halmashauri kama Mbeya City, KMC, Dodoma Jiji au TP Lindanda yetu, Pamba Jiji, iliyorudi 2024 baada ya zaidi ya miaka 20. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kupanda kunajulikana Aprili au Mei. Kama bajeti iliandikwa kwa timu ya Championship, Julai mnaanza Ligi Kuu na fungu la Championship, na kuhamisha fungu katikati ni mlolongo wa vikao.

Dawa yake ni kuandika bajeti mbili mapema, ya kubaki na ya kupanda, na madiwani wapitishe zote mbili kwa sharti. Ile ya kupanda iwe na kifungu cha kushuka pia: kila mkataba wa mchezaji uandikwe mshahara wa Ligi Kuu na mshahara wa Championship, kwa tarakimu, na asaini zote mbili siku hiyohiyo. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, za 13 na 14 zinaingia mchujo, kwa hiyo nne kati ya 16 ziko hatarini kila msimu. Wakala atabisha. Mwambie achague kati ya hicho kifungu na mkataba wa mwaka mmoja tu.